Shangazi Mishale, Sakafu Yake na Ghorofa ya Arobaini

Baada ya miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja, Shangazi Mishale anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, saa kumi kamili jioni. Siku hizo nilizihesabu mimi na yeye akazihakiki mara mbili, kwa sababu hajawahi kuiacha namba impite mlangoni bila kuisimamisha na kuiuliza inakwenda wapi. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi waliniomba ukurasa mmoja. Nimewajibu kwamba mtu huyu haenei kwenye ukurasa mmoja, wapende wasipende.

Kwa wasiotufahamu, ofisi yetu hutengeneza sauti. Ile inayokutangazia ndani ya lifti kwamba umefika ghorofa fulani, ile inayokuita dirishani hospitalini, ile inayomsomea kitabu mtu asiyeona, baadhi yake huzaliwa humu humu, juu ya duka la miwani. Shangazi ni mkuu wa kitengo cha Kihispania, na ndani ya Kihispania yeye ndiye mwenye namba za mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka huko zinakoishia. Kwenye karatasi namba hizo ni vitu vifupi mno, tarakimu, nukta na kiherufi kidogo cha o au a kilichoning'inizwa juu. Zikisemwa ni ndefu. Ukiandika 21 na kuning'iniza o, sauti inatakiwa iseme vigésimo primero. Ukining'iniza a, inatakiwa iseme vigésima primera. Kompyuta yenyewe haijui lolote kati ya hayo. Ikiachwa ijisomee, itataja ishirini na moja, kisha nukta, kisha o, na abiria wa lifti atadhani mashine imepandwa na homa.

Dawa ya homa hiyo ni sarufi ya maduara na mishale. Wataalamu wameipa jina refu, lakini sisi tunaiita hivyo hivyo. Kila duara ni mahali ambapo mashine inaweza kusimama. Kila mshale una amri yake: ukiona tarakimu hii, pita hapa; au, ukipita hapa, sema neno hili. Maduara yana idadi yake maalumu, hayaongezeki hata ulie. Na duara lenye pete mbili maana yake ni kwamba hapo umefika, sasa unaruhusiwa kunyamaza. Shangazi hupenda kusema kwamba watu wengi anaowafahamu wangenufaika na duara la pete mbili, na akisema hivyo humtazama mhasibu wetu.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba, kama mpiga chapa, enzi ambazo ofisi hii ilikuwa ya tafsiri tu. Alipiga chapa hati za Kihispania kwa miezi saba bila kuelewa hata neno moja. Mwezi wa nane akaenda kwa mfasiri mkuu akamwambia, kwa adabu zote, kwamba aya ya tatu na aya ya tisa zinasema kitu kimoja. Mfasiri akabisha. Wakazisoma pamoja, mfasiri akakubali, na wiki iliyofuata akaanza kumfundisha lugha hiyo wakati wa chai. Baadaye alihamishiwa kwenye simu, na wateja wa ng'ambo walimpenda hata wakawa wanapiga kumsalimia. Ofisi ilipogeuka kuwa ya sauti, ikaonekana kwamba katika jengo zima ni yeye peke yake aliyejua herufi za Kihispania, matamshi yake na hasira za wateja wake. Wakampa kitengo. Hakikuwa na wafanyakazi wala meza, kwa hiyo sarufi yake ya kwanza aliichora nyuma ya pazia kuukuu.

Pazia lilijaa. Akahamia sakafuni.

Hapo ndipo jina la Mishale lilipotoka. La Shangazi alikuwa nalo tayari, kwa kuwa hutugombeza na kutulisha sote kama watoto wa kaka yake, mkurugenzi akiwemo. Korido ya kitengo cha Kihispania ina urefu wa mita ishirini, sakafu yake ni ya saruji laini ya kijivu, na kwa miaka ishirini na zaidi imekuwa ndiyo ubao wake. Sarufi mpya ikikamilika kichwani, Shangazi hupiga magoti na kipande cha chaki na kuichora yote, duara kwa duara, kuanzia mlango wa ngazi hadi dirishani. Kisha hupiga filimbi. Ndiyo, filimbi, ya mwamuzi wa mpira, aliyonunuliwa na mumewe. Jengo zima huvua viatu na kuja kutembea.

Mtu huchota kadi kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Kadi ina namba. Anasimama duara la kwanza, anasoma tarakimu yake, anafuata mshale wake, na kila mshale unaosema neno analitamka kwa sauti mpaka wa duka la miwani huko chini wasikie. Katikati ya korido kuna njia mbili, kushoto kwa nomino za kiume na kulia kwa za kike, na mhasibu hajawahi kukosa kuikosea njia yake. Filimbi inalia, mhasibu anarudi, sisi tumeshikilia mbavu. Halafu kuna hila ya ya kwanza na ya tatu, ambazo zikitangulia nomino ya kiume hukatwa mkia: primero inakuwa primer, tercero inakuwa tercer. Ili tusisahau, Shangazi aliweka kikapu mahali pale pa kukatia mkia, na kila anayepita lazima aache soksi moja. Nimemwona mkurugenzi wetu akipokea ugeni wa wizara akiwa na soksi moja mguuni, akieleza kwa uso mkavu kabisa kwamba hiyo ni ghorofa ya kwanza, imekatwa mkia.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni biskuti. Shangazi hakuwa akimpa biskuti aliyefika salama kwenye pete mbili. Huyo alipongezwa kwa kichwa tu. Biskuti ilikuwa ya aliyenasa, yule aliyejikuta kwenye duara lisilo na mshale wa kutokea na kupiga kelele, "Nimenasa!" Maana aliyenasa ndiye aliyegundua kosa. Katika maisha yangu yote sijaona ofisi nyingine ambapo watu wazima hugombania kukwama.

Mimi ninayeandika haya niliingia jengo hili miaka kumi na moja iliyopita nikiwa na fagio, ndoo na watoto wanne nyumbani. Mpaka leo wananiita Mama Ndoo ingawa nina meza, kiti na kompyuta ya kuninunia. Jumatatu ijayo nitahamia kwenye kiti cha Shangazi. Barua imetoka, imesainiwa, mama yangu mzazi ameitundika ukutani. Ila siwezi kukikalia kiti hicho kabla sijasema jambo moja ambalo kwa mdomo limenishinda miaka yote hiyo kumi na moja. Kila nikilikaribia, ananitilia chai, nami najikuta naongelea hali ya hewa. Kwa hiyo nimeamua kulisema hapa, kwa maandishi, mbele ya jengo zima, na litakalonipata na linipate.

Mwaka ule nilioingia, kitengo cha Kihispania kilikuwa kinaning'inia. Kilikuwa na watu watano, na mkurugenzi alikuwa ametangaza bila kuzunguka kwamba kisipopata mteja mkubwa, mwisho wa mwezi kinafungwa. Mteja mmoja alikuwa anakuja, kampuni ya lifti kutoka mbali, wajenzi wa mnara wa ghorofa nyingi kupita kiasi. Wenye lugha yenyewe, wakishapita ghorofa ya kumi, huchoka na ya kwanza-ya pili na kutaja namba tupu. Mwenye mnara hakutaka uvivu huo. Alitaka kila ghorofa yake itangazwe kwa heshima zote, neno zima, hadi juu. Shangazi aliposikia alifurahi mpaka akamkumbatia mhasibu.

Akachora. Ilikuwa sarufi yake kubwa kuliko zote, kutoka moja hadi mia tisa tisini na tisa, na korido haikubakiza nafasi hata ya kuweka ndoo. Siku tatu mfululizo jengo lilitembea. Mimi nilikuwa wiki ya tatu ya muda wangu wa majaribio, nikishika zamu ya mwenzangu aliyekwenda kujifungua, na hakuna aliyenieleza chochote. Nilikula chakula changu cha mchana kwenye ngazi na kuwatazama. Nilidhani ni mazoezi ya viungo yaliyoagizwa na daktari. Lakini niliyapenda. Nilianza kuwajua kwa nyayo: mhasibu anatua kwa kishindo, mkurugenzi anachuchumia, mpokea simu anaruka duara moja na kurudi kinyumenyume. Na dereva wetu, ambaye juma lile alikuwa ametimiza miaka arobaini, alihakikisha kila mara anachota kadi ya arobaini. Akishasoma nne yake anafika kwenye duara, anapaza sauti, "Cuadragésimo!", anajizungusha pale pale, anapaza tena, "Cuadragésimo!", anajizungusha tena, mpaka Shangazi ampulizie filimbi. Nilimwona akifanya hivyo mara saba. Nikajua hiyo ndiyo sheria ya duara lile.

Siku ya nne, saa sita mchana, kila mtu alikuwa ametoka kwenda kula. Msimamizi wa usafi akanipigia simu: "Kesho tuna wageni wakubwa. Hiyo korido nataka nijione sura." Nikasema sawa bosi. Nikajaza ndoo, nikapiga deki.

Jamani, nilipiga deki. Sijawahi kudeki vizuri namna ile. Nilikuwa nimefika kama robo tatu ya korido, naimba, nilipoona kwenye mlango wa ofisi kibao kilichobandikwa kwa gundi, kilichoandikwa kwa wino mwekundu: SAKAFU HII NDIYO KAZI YETU. NAKALA NI HII TU. TAFADHALI USIFUTE. Mlango huo huwa umefunguliwa na kibao kinatazama ndani. Mchana ule upepo ulikuwa umeufunga. Nilisoma mara tatu. Nikakaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Ningeweza kukimbia, na nilifikiria kukimbia. Lakini niliwafikiria wale watu watano, na watoto wangu wanne, na nikaona kwamba jumla yake ni tisa, wengi mno wa kuwakimbia. Kwenye dirisha kulikuwa na kopo la chaki. Robo iliyobaki sikuigusa. Nikapiga magoti upande wa mlango wa ngazi nikaanza kuchora upya. Sikujua Kihispania. Sikujua duara ni nini wala mshale unakula nini. Nilijua nyayo za watu. Hapa mhasibu anatua, hapa anakwenda kulia, hapa anapigiwa filimbi, kwa hiyo mshale unapaswa kwenda kushoto. Hapa mkurugenzi anavua soksi. Maneno yenyewe yalikuwa kwenye vipande vya karatasi kando ya ukuta, kila kimoja mahali pake, na namshukuru Mungu sikuwa nimevifagia. Nilinakili herufi kwa herufi, hata vile vistari juu ya vokali. Nilipofika kwenye duara la dereva, nikachora mshale unaotoka na kujikunja kurudi pale pale, kama mkono wa kikombe, pembeni nikaandika cuadragésimo. Saa nane kasorobo nilikuwa nimemaliza, na walipoanza kurudi nilikuwa chooni nikikamua sketi.

Saa tisa Shangazi alitembea korido nzima na daftari lake, akarudi mezani, akaiingiza sarufi yote kwenye kompyuta. Mimi nilipangusa vioo vya dirisha lile lile kwa muda wa saa nzima. Shangazi akafunga daftari, akaenda zake nyumbani. Nikaamini nimeokoka.

Asubuhi wageni wakafika, watatu. Kiongozi wao alikuwa mhandisi, mwanamke mrefu mwenye miwani shingoni, na wasaidizi wawili wasiocheka. Mezani palikuwa na kisanduku cha majaribio, ukubwa wa sanduku la viatu, chenye spika na vitufe, na betri ndani ili umeme ukikatika isiwe aibu. Mkurugenzi alibonyeza moja: primero. Tano: quinto. Kumi na tatu: decimotercero, kwa sauti tamu ya mama anayekuamsha taratibu. Mhandisi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanyoosha kidole chake mwenyewe akabonyeza arobaini.

Cuadragésimo, ikasema sauti. Cuadragésimo. Cuadragésimo. Cuadragésimo.

Mkurugenzi akabonyeza kitufe cha kuzima. Cuadragésimo. Fundi wetu akachomoa plagi. Betri ikashika, cuadragésimo, tena kwa nguvu mpya. Mpokea simu akakitia kisanduku kwenye kabati la mafaili na kufunga. Tukaisikia ndani, tamu, tulivu, isiyochoka. Mkurugenzi akafungua kabati, akakifunika kwa koti lake, akafunga tena. Mhasibu alikuwa anahesabu kwa vidole, alifika sitini na kitu. Mmoja wa wale wasaidizi wasiocheka alikuwa amegeukia ukuta na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Dereva, maskini, alikuwa amesimama mlangoni na mdomo wazi, akisikia umri wake ukitangazwa bila kikomo.

Na mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo yangu. Nilijua. Sikuwa na elimu ya sarufi lakini mkono wa kikombe niliuchora mimi. Nilitaka kuingia niseme, "Ni mimi." Mguu mmoja uliingia. Wa pili ulikataa.

Shangazi akasimama. Akasema kwa Kihispania, kisha akarudia kwa lugha yetu ili sote tusikie, "Kosa ni langu. Naomba mvue viatu."

Wageni walidhani wamesikia vibaya. Hawakusikia vibaya. Dakika mbili baadaye mhandisi wa minara alikuwa koridoni amevaa soksi za mistari, ana kadi mkononi, anafuata mishale. Shangazi alimpa kadi ya kwanza, kumi na tano, akafika kwenye pete mbili, tukapiga makofi. Akampa arobaini. Mhandisi akasoma nne, akasonga, akafika kwenye duara, akatazama mshale wake, akatamka, akajikuta pale pale. Akatamka tena, akajikuta pale pale. Mara ya tatu alianza kucheka. Mara ya tano alikuwa anazunguka mikono juu, na wale wasaidizi wawili wameshikana. "Sema umenasa," Shangazi akamwambia, "ndiyo kanuni." Mhandisi akapiga kelele amenasa, akapewa biskuti yake.

Kisha Shangazi akapiga magoti. Akaufuta mshale uliojikunja kwa kiganja chake, akachora mwingine ulionyooka kwenda mbele. Akarudi kwenye kompyuta, akabadilisha mstari mmoja. Kisanduku kikatolewa kabatini kutoka ndani ya koti la mkurugenzi. Cuadragésimo, kikasema mara moja, na kikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mtamu jamani, watu walikumbatiana. Mhandisi akasema, na Shangazi akatutafsiria, kwamba ameuziwa mitambo maisha yake yote na kila ilipoharibika aliambiwa asubiri mtaalamu. Leo ni mara ya kwanza ameonyeshwa kosa analoweza kulikanyaga. Akatia saini kabla ya kuvaa viatu.

Kitengo kikapona. Baada ya mnara huo ikaja miwili mingine, kisha mashine za kuwasomea wasioona vitabu vya sheria, zenye vifungu vya mpangilio kurasa nzima. Hakimu mmoja mstaafu asiyeona huko mbali humpigia simu Shangazi kila mwaka mpya kumwambia amefika kifungu cha ngapi. Mwaka juzi walikuja vijana wa makao makuu na mtambo unaojifunza wenyewe, wakisema sarufi za mishale zimepitwa na wakati. Shangazi aliukaribisha vizuri sana, akauuliza namba elfu moja. Ulipatia zote isipokuwa moja, hapo ulipoisoma ya arobaini kama ya kumi na nne. Vijana wakashangilia. Yeye akauliza tu, "Na huyo aliyeshushwa kwa wenyewe ghorofa ya kumi na nne na mizigo yake, mtampelekea nani?" Siku hizi mtambo wao na mishale yetu hufanya kazi pamoja, na mishale ndiyo husema neno la mwisho.

Siku tatu baada ya wageni kuondoka, Shangazi aliniita ofisini kwake. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu kwenye mfuko, nimeshamwandaa mwanangu mkubwa kwamba huenda tukahamia kwa mjomba wake. Nikaingia, nikasimama. Akaniuliza nina umri gani, nimesoma hadi darasa gani, na kama naweza kumsaidia kutembea sarufi ya miezi na tarehe. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Mwezi uliofuata aliniombea uhamisho, mwaka uliofuata akaanza kunifundisha Kihispania, wakati wa chai, kama alivyofundishwa yeye. Nami kila siku ya miaka hiyo nilimsikia akiwahadithia wageni ile hadithi ya arobaini, akicheka mpaka machozi, na kila alipofika penyewe alisema, "Kosa lilikuwa langu." Hapo mimi huenda kuchemsha maji.

Basi. Shangazi, halikuwa lako. Ni mimi niliyeifuta sakafu, na ni mimi niliyeuchora ule mshale. Umeubeba mbele ya watu miaka kumi na moja nami nimekuacha uubeba. Naomba radhi, na kama Jumatatu kiti kitakuwa na mtu mwingine nitaelewa.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo na salamu. Lakini jarida letu lina utaratibu wake, kwamba anayeandikwa hupewa asome kwanza ili asahihishe tarehe na namba. Juzi mhariri alimpelekea rasimu bila hata kuniambia. Nilipojua, nilipanda kujificha kwenye chumba cha mafaili, na dereva akatumwa kunitoa.

Rasimu ilirudi jana, imejaa kalamu nyekundu, nanyi nawaonyesha yote kwa sababu haki ni haki. Korido ina mita kumi na tisa, si ishirini, na anashangaa kwamba mtu aliyeideki hajui. Filimbi hakununuliwa na mumewe, aliichukua kwake bila ruhusa. Hakumkumbatia mhasibu, mhasibu ndiye aliyemkumbatia. Kwenye "nimekuacha uubeba" amesahihisha kitenzi na kuandika pembeni kwamba hilo nimeliandika nikilia, akanisamehe. Na kwenye aya ya kuomba radhi, penye nafasi tupu chini, aliandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wake mdogo:

"Mama Ndoo, nilipokuwa naingiza kwenye kompyuta siku ile niliona wazi kwamba huo si mkono wangu. Nikakagua mishale thelathini, yote ikawa sawa. Nikaona uvivu, nikaiamini iliyobaki. Kwa hiyo niliposema kosa ni langu sikuwa nakuficha, nilikuwa nasema kweli. Wewe uliwasiliana na mimi kwa chaki, mimi sikukusoma hadi mwisho. Baadaye nilikaa nikahesabu. Ulichora mishale mia mbili na kumi na minne, kwa lugha usiyoijua, kwa kukumbuka miguu ya watu tu, kwa saa moja na nusu, sketi imelowa. Ulikosea mmoja, na huo ni wa dereva. Ningekuachaje na ndoo? Jumatatu uwahi, kiti kinayumba mguu wa nyuma, weka karatasi."

Nimesoma, nimecheka, nimelia, nimecheka tena, na mhasibu ameniletea maji.

Shangazi Mishale, kwa niaba ya korido yote ya mita kumi na tisa, ahsante. Ahsante kwa biskuti zote ulizowapa waliokwama. Mumeo ameahidi kukupa nusu ya meza yake ya kutengenezea saa, na wajukuu wameshaambiwa wavue viatu. Nenda ukapumzike, ukalale mpaka jua likuchoke, ukanyamaze popote utakapo bila kutafuta pete mbili. Tunakutakia kheri, afya na siku nyingi zisizohesabiwa na mtu. Kiti nitakikalia. Nimeshakata karatasi ya kuweka chini ya mguu wa nyuma.